Mita Zinazojisoma

Jumatatu, 4 Machi
Nyumba 412.

Ofisi imekusanya madaftari yote ya usomaji leo asubuhi. Hili lilikuwa la akiba, halijaandikwa hata mstari, nikalibakiza mkobani. Kama ni wizi, basi nimeiba kurasa tisini na sita. Mkono wangu umezoea kuandika kitu kila siku na hauwezi kuacha kwa tangazo.

Meneja alituita ukumbini saa mbili. Tulikuwa tisa, wasoma mita wote wa kanda. Alisema mita za maji zitabadilishwa nyumba kwa nyumba na kazi itakwisha pamoja na mvua hizi. Mita mpya hazihitaji mtu wa kuzipigia hodi. Zinajisoma zenyewe na kutuma namba ofisini kila saa. Mimi nazisoma mara moja kwa mwezi na sijapata kumsikia mtu akilalamika kwamba ni mara chache. Kisha akatusifu sana. Mtu akisifiwa vile, ama amekufa ama anafukuzwa.

Kati yetu tisa atabaki mmoja. Ataitwa mhakiki: mita mpya ikizua neno, yeye ndiye atakayekwenda kuiangalia kwa macho. Wengine wanane watapewa kiinua mgongo na barua ya shukrani. Mmoja huyo atachaguliwa kwa rekodi yake ya miaka mitatu iliyopita.

Sijisifu, nahesabu tu. Miaka thelathini na moja. Niliingia idara hii kama mfagizi, na namba nilijifunza kwa kusoma karatasi za kwenye ndoo za taka kabla ya kwenda kuzichoma. Hakuna aliyenishika mkono. Na tangu nipewe sare sijakadiria hata nyumba moja. Wenzangu hukadiria. Namtaja Kipara kwa sababu mwenyewe hafichi: mvua au jua, hukaa mgahawani akatoa namba kichwani. Mwezi uliopita yuniti kumi na nne, mwezi huu andika kumi na tano, lete chai nyingine. Nikimsema hunijibu, "Profesa, maji ni maji. Unadhani yanajua kama yamehesabiwa?"

Barua ya kuomba nafasi nimeipeleka leo leo. Nikiikosa, sijui nitaamkia nini. Nyumbani kwangu hakuna mtu wa kuniuliza natoka saa ngapi.

Jumanne, 5 Machi
Mvua. Vishimo vya mita vimejaa. Nimesoma nyumba 12 tu.

Ijumaa, 8 Machi
Wameniletea mhandisi nitembee naye njia yangu. Binti mdogo kuliko mwanangu, mabuti mapya, kishikwambi ndani ya mfuko wa nailoni. Alinisalimia shikamoo akiwa anatazama kioo, sikujua shikamoo ile ni yangu au ya kishikwambi.

Kazi yake ni kuweka alama mahali ilipo kila mita. Mimi kazi yangu ni kumwonyesha. Kwenye kishimo cha kwanza alisimama akishangaa maji. Nikapiga goti, nikatoa kopo langu, nikachota mara tisa, nikafuta kioo cha mita kwa brashi, nikamulika. Akasema hiyo ndiyo sababu wanazibadilisha. Nikasema na mimi nilidhani hiyo ndiyo sababu ya kuniajiri.

Nilimwonyesha jambo moja ili ajue yuko na nani. Kabla ya kufungua mfuniko wa nyumba ya 33 nilimwambia namba itaishia na mia nne na sita au saba. Tukafungua: mia nne na sita. Akauliza nimejuaje. Nimejua kwa sababu nyumba ile ina watoto watatu, mkubwa amekwenda bweni, na mama yao hufua Jumatano. Aliandika kitu. Sijui kama aliandika habari za mtoto wa bweni. Nadhani hakuna kisanduku chake.

Jumapili, 10 Machi
Mwanangu alipiga, kama kila Jumapili, tukaonana kwenye simu. Dakika sita. Nilimweleza habari ya nafasi ya mhakiki, akasema, "Baba, si upumzike tu?" Kisha akaniambia kwa uso mkunjufu kabisa kwamba hata leo angenisahau, simu ndiyo iliyomkumbusha, ameiwekea kengele. Nikashukuru. Sikujua nimshukuru nani kati yao.

Alhamisi, 14 Machi
Zimebaki 371.

Nilikuwa na rudio moja. Nieleze, maana daftari hili halijui kazi: namba ikiruka kupita kawaida ya nyumba, mfumo unaikataa na kuniamuru nirudi ndani ya siku tatu niisome upya. Hilo ndilo rudio. Leo lilikuwa nyumba ya 207, kwa fundi cherehani. Mwanamke wa makamo, mjane kama mimi nilivyo mgane, anashonea varandani mbele ya nyumba. Huniita Bwana Mita. Hata sijafika kishimoni huwa ameshanivutia kiti.

Alikuwa amekasirika leo. Wateja wake wamekuwa wanampelekea vipimo kwa simu, wamejipima wenyewe mbele ya kioo, kiuno cha mtu kinaanzia kwapani. Nguo ikiharibika, fundi ndiye mbaya. "Wanajisoma wenyewe, kama mita zako," alisema. Zamani mteja alikuja, akapimwa, akakaa, akasema mambo ya kwao. Sasa anakuja mtu wa pikipiki, anachukua kifurushi, hata kofia hajavua.

Dakika kumi na nane.

Jumatatu, 18 Machi
Mvua.

Jumatano, 20 Machi
Kimefika kifurushi kutoka kwa mwanangu. Saa ya mkononi, nyeusi, haina mishale. Inahesabu hatua zangu na mapigo ya moyo na kumpelekea yeye huko aliko. Jirani kanisaidia kuiunganisha. Kwa hiyo sasa nami nimefungwa mita.

Jumapili, 24 Machi
Mwanangu: "Baba, juzi ulitembea hatua elfu tatu tu. Unaumwa?" Nikamwambia siumwi, nyumba zimepungua. Dakika saba.

Jumatano, 27 Machi
298. Wanakwenda kasi. Magari mawili, mafundi sita, mita moja kwa dakika ishirini.

Nilipita nyumba ya 61, ya dereva wa treni aliyestaafu. Kwake nilikuwa nasimuliwa stesheni, moja baada ya nyingine, na treni ilipochelewa, na nani alilaumiwa. Alikuwa amekaa kibarazani amevaa shati safi. Mita yake imebadilishwa tangu juzi. Nilifika getini, nikakuta sina neno la kusema ili lile geti lifunguliwe. Halikuwa na kufuli, mkono tu ulikataa kulisukuma. Nikampungia mkono, akapunga wake. Nilikwenda zangu.

Jumatatu, 1 Aprili
Kipara amenunua viatu vipya. Anasema ni vya ofisini. Nikamwuliza ofisi gani, akacheka mpaka akakohoa. Yeye naye ameomba uhakiki. Watu wana uso mkavu.

Alhamisi, 4 Aprili
Mvua tangu alfajiri. Nimesoma nyumba 7.

Jumatatu, 8 Aprili
203. Nimevuka nusu.

Mhandisi tunakula pamoja siku hizi, yaani tunakaa benchi moja kila mtu na chombo chake. Si mbaya kama nilivyomdhania. Anaishi chumba kimoja karibu na stendi na hajui jina la jirani yake hata mmoja, miezi minane sasa. Nilimwuliza akiishiwa chumvi hufanyaje. Akasema anaagiza kwa simu. Nikataka kucheka, nikaona hatanii.

Alhamisi, 11 Aprili
Saa niliiacha kwenye droo Jumanne na Jumatano. Niliisahau, ndivyo nilivyomwambia. Mwanangu alipiga leo saa nne asubuhi, yuko kazini, sauti inamtetemeka: hatua sifuri siku mbili, mapigo hakuna, alikuwa anatafuta namba ya jirani. Tukazungumza dakika ishirini na tatu. Aliniuliza nakula nini. Aliniuliza habari za paa. Alikumbuka mama yake alivyokuwa akizuia ndoo chini ya lile tobo kwa kigoda.

Alhamisi, siyo Jumapili. Bila kengele.

Jumatatu, 15 Aprili
Siku mbaya.

Mhandisi aliniita kwenye gari wakati mvua imekaza. Anaandaa rekodi za waombaji ampelekee meneja. Akanigeuzia kishikwambi. Kulikuwa na ramani ya kanda nzima na njia yangu imepakwa buluu, na juu ya buluu ile vidoa vyekundu. Kila kidoa ni nyumba niliyopewa rudio. Marudio 47 kwa miaka mitatu.

Si idadi iliyomshtua, alisema. Msoma mita yeyote hukosea. Kilichomshtua ni kwamba yale 47 yako kwenye nyumba kumi na moja tu. Nyumba 401 zilizobaki sijakosea hata tarakimu.

"Baba, hizi nyumba kumi na moja zina nini?"

Nikasema mita mbovu. Sikufikiri, jibu lilitoka lenyewe. Akasema tisa kati ya mita hizo zimeshatolewa na kupimwa karakanani, na zote ni nzima. Akazima kishikwambi. Tukakaa tunasikiliza mvua kwenye bati la gari kama watu wanaongoja basi.

Jumanne, 16 Aprili
140.

Sikwenda kazini. Niliomba ruhusa ya ugonjwa, ya kwanza tangu mazishi ya mke wangu. Naandika tangu saa tatu asubuhi na nitaandika mpaka yaishe.

Mara ya kwanza ilikuwa kosa la kweli. Ni miaka mitatu iliyopita, mke wangu alikuwa na miezi sita kaburini. Kidole kiliteleza kwenye mashine ya mkononi tunayoingizia namba, nikaandika 731 badala ya 631 kwa fundi cherehani. Mfumo ukakataa, nikarudi kesho yake. Nilifika na aibu zangu. Fundi akanivutia kiti. Hakuwahi kunivutia kiti kabla ya hapo. Akaanza kuniuliza habari, hii na hii, natoka wapi, kazi ni ngumu, watoto wangapi, na nilipotazama saa dakika ishirini zilikuwa zimekwisha. Nilirudi nyumbani nikapika chakula cha kweli, si mkate.

Mwezi uliofuata nikaandika tena mia moja zaidi. Safari hii kidole hakikuteleza.

Nieleze hesabu yake, maana ni hesabu rahisi. Nyumba 412 kwa siku 22 za kazi ni nyumba kumi na tisa kwa siku, dakika nane kila kishimo, zilizobaki ni za kutembea, na katika hizo dakika nane mtu hasemi na wewe, anakuonyesha kidole kishimo kilipo. Wengi hawatoki ndani kabisa. Lakini ukija na rudio, unakuja na jambo. Mwenye nyumba lazima atoke. Lazima asimame na wewe ashuhudie namba, ndiyo kanuni. Wengine wakishasimama wanabaki wamesimama. Nilichagua waliobaki. Walikuwa kumi na mmoja: fundi, dereva wa treni, mama wa mapacha, wale ndugu wawili wasiosemeshana ambao kila mmoja alinitumia mimi kumpelekea mwenzake salamu za ukali, na wengine. Fundi mara kumi na nne. Dereva mara nane. Baada ya ile miwili ya kwanza nilikuwa mwangalifu nisiwarudie miezi miwili mfululizo. Hakuna aliyepata bili ya uongo, maana rudio husahihisha kabla bili haijatoka. Nilijiambia sijamdhuru mtu. Niliiba dakika tu, na dakika zile hakuna aliyekuwa anazihitaji.

Wiki iliyopita nimefanya yale yale kwa saa ya mwanangu. Nimeandika hapo juu kwamba niliisahau. Sikuisahau. Niliiweka kwenye droo chini ya soksi nikaifunga.

Mtu aliyejifunza namba kwenye ndoo ya taka, aliyekataa kukadiria hata kukiwa na mbwa, ndiye huyu aliyeandika uongo mara arobaini na sita. Moja ile ya kwanza siihesabu.

Alhamisi, 18 Aprili
Mvua. Mhandisi hakuniuliza kitu. Aliniachia nafasi kubwa kwenye benchi.

Jumapili, 21 Aprili
Dakika sita.

Jumatano, 24 Aprili
66.

Mhandisi alinisubiri leo nje ya stoo. Nilimwambia ukweli wote kabla hajafungua mdomo, nikitazama mabuti yake. Mabuti si mapya tena. Aliposikia hakufanya sura ya huruma, nashukuru kwa hilo. Alisema alishakisia, yeye ni mtu wa kwanza kuzisoma namba zangu zote kwa pamoja, na zikisomwa pamoja, alisema, zinaonekana kama mtu anayepita njia moja akitafuta mlango.

Halafu akaniambia jambo nisilolijua. Mfumo unapokataa namba haunipi mimi rudio tu. Unampelekea mwenye nyumba ujumbe kwenye simu, dakika ile ile. Akanisomea: Matumizi yako ya maji si ya kawaida. Kagua mabomba. Utawajibika kwa uvujaji wowote ndani ya kiwanja chako. Umekuwa ukitumwa hivyo miaka mitatu na nusu. Sisi wasoma mita hatukuambiwa. Haikuonekana kama ni kitu kinachotuhusu.

Mara arobaini na saba.

Kisha akatoa la mwisho. Rekodi bado iko mkononi mwake. Zile mashine za mkononi ni za zamani, vitufe vyake vimechakaa, hakuna atakayebisha akiandika hitilafu ya kifaa. Marudio yatafutika, nami nitakuwa wa kwanza kwenye orodha, tena kwa mbali. "Lakini sitaandika bila wewe kuniambia niandike," alisema. "Nipe jibu kufikia Jumatatu."

Msimu mzima nimezilaumu mashine. Leo nimeambiwa niilaumu moja tena, kwa maandishi, na nitalipwa kwa hilo.

Alhamisi, 25 Aprili
Sijui.

Ijumaa, 26 Aprili
Zimebaki 40. Za leo nilizisoma polepole.

Jumatatu, 29 Aprili
Nilimwambia asiandike kitu, nitasema mwenyewe.

Ofisi ya meneja ina viti viwili vya wageni na vyote vilikuwa na mafaili. Nilisema nimesimama. Nilimweleza kwamba marudio 46 niliyafanya kwa makusudi ili nirudi kuzungumza na watu. Nadhani alingoja sehemu iliyobaki, ile ya rushwa au ya mwanamke. Alipoona imekwisha, alipekua karatasi zisizohitaji kupekuliwa.

"Mzee, mimi naandika nini hapa?" aliniuliza. "Fomu ina uzembe, ina wizi, ina ulevi."

Nikamwambia aandike uzembe. Akaandika, akaonekana amepata nafuu. Alinipa mkono. Kiinua mgongo changu hakitaguswa, alisema, kwa heshima ya miaka.

Mhandisi alikuwa kwenye korido. Nilimwachia kopo langu la kuchotea maji. Hana kazi nalo. Alilipokea kwa mikono miwili.

Alhamisi, 2 Mei
Wamemchagua Kipara.

Rekodi yake ni safi kama sahani. Miaka mitatu, hana rudio hata moja. Bila shaka: mtu anayetunga namba mgahawani hutunga namba zinazofanana. Yuniti kumi na nne, kumi na tano, kumi na nne. Mfumo haukuona sababu ya kumshuku. Sasa atakwenda kuhakiki kwa macho mita ambazo hajawahi kuzitazama.

Alikuja kwangu mwenyewe jioni kuniambia, na nitamtendea haki: hakuja kucheka. Alisimama mlangoni na vile viatu vyake. Alisema, "Profesa, nionyeshe kidogo namna ya kufungua ile mifuniko. Nitachekwa." Nilimwonyesha kwa sufuria na kifuniko chake. Alikaa nusu saa. Hakuna mwingine aliyekaa nyumba hii nusu saa tangu matanga. Nilimchukia dakika zote thelathini na alipoondoka nikabaki natazama kiti.

Ijumaa, 3 Mei
Nyumba 0. Nimerudisha sare, jozi mbili, na tochi.

Nimeandika upya ile orodha ya kumi na mmoja kwa kumbukumbu. Ujumbe 47 umeingia kwenye simu zao na sijui mmoja mmoja aliufanyia nini. Nitakwenda kuuliza. Naanza na mwenye idadi kubwa.

Jumapili, 5 Mei
Mwanangu hakupiga. Nikapiga mimi. Alikuwa sokoni, kelele nyingi, tukaelewana tutazungumza. Nimeivaa saa siku zote hizi na nitaendelea kuivaa.

Jumatatu, 6 Mei
Nilibisha hodi kwa fundi saa tatu na nusu, bila sare. Alikuwa varandani kwenye cherehani, pini mdomoni. Alitazama mikono yangu kwanza, halafu nyuma yangu kama kuna gari la ofisi.

"Mita imefanya nini tena?"

Nikasema mita haijafanya kitu. Nikayasema niliyokuja nayo kama ninavyosoma namba, bila kuongeza: mara kumi na nne, mia moja zaidi, kumi na tatu kwa makusudi, nyumba yake haikupata kuvuja hata tone. Sababu nayo nikaitaja. Hiyo niliitaja haraka.

Hakukasirika pale pale. Alitoa pini mdomoni moja moja akazichoma kwenye kifuko chake. Zilikuwa sita. Kisha akainuka, akasema nimfuate. Tukapita ndani, sebuleni, kwenye marobota ya vitambaa, jikoni, mpaka mlango wa nyuma. Huko sikuwahi kufika. Mita yake iko mbele, mimi ni mtu wa mbele.

Ua wa nyuma ulikuwa umechimbwa wote. Mtaro kutoka ukuta wa jiko hadi msingi wa tangi, kina cha goti, futi arobaini na tano nisipokosea, umejaa maji ya mvua na ukingo umeporomoka. Bomba lilikuwa linaonekana chini ya maji, jeupe, zima. Alisema ameita fundi bomba mara tatu. Mara mbili walichimba wakafukia. Mara ya tatu ni Machi hii, baada ya ujumbe wa mwisho; fundi bomba akasema uvujaji lazima uko chini zaidi, angerudi na mwenzake, mvua ikakaza, hakurudi. Tangu siku hiyo mlango wa nyuma haufunguliwi. Anaanika ndani, na nguo za wateja zinanuka uvundo, ndiyo maana wawili wamemhama.

Nikamwuliza kwa nini hakunionyesha, na mimi nilikuwa nakuja.

"Nikuonyeshe wewe?" alisema. "Wewe ndiye maji."

Akaendelea bila kupandisha sauti. Ujumbe ulisema atawajibika. Alidhani nikiuona uvujaji, au baadaye ule mtaro, nitaandika, nitamkatia maji. Kwa hiyo kila nikifika alinikalisha mbele haraka kabla sijaanza kuzunguka nyumba, na akazungumza, akazungumza lolote lililomjia, mpaka nichoke nijiondokee. "Mwingine angechoka," alisema. "Wewe ulikuwa huchoki."

Dakika zile zote nimezibeba miaka mitatu. Nilizijua kwa tarehe.

Nilimwomba jembe. Akanionyesha kwa kidevu, lilikuwa limeegemezwa ukutani, kisha akaingia ndani. Nikavua viatu. Kwanza nilitoa maji kwa ndoo, maana ukifukia juu ya maji udongo utatitia baadaye: ndoo sitini na tatu, nikazimwaga upande wa chini wa ua. Halafu nikaanza kurudisha udongo kutoka upande wa jiko, nikishindilia kwa miguu kila nusu futi. Udongo wa mvua ni mzito mara mbili. Cherehani ilikuwa inalia upande wa pili wa nyumba, inakwenda, inakatika, inakwenda. Hakutoka kuniangalia. Hakuniletea kiti, na wala sikukitarajia. Mara moja nilisikia mtu wa pikipiki amekuja na ameondoka.

Saa saba mvua ikarudi, si ya mchezo. Niliendelea mpaka jembe likawa linateleza mkononi. Dirisha la jiko likafunguka kiasi cha kiganja.

"Jembe liache hapo hapo," alisema, "usilirudishe ukutani."

Akafunga dirisha. Nikaliacha pale lilipo, nikavaa viatu, nikazunguka nyumba kwa nje mpaka getini nikiwa nimelowa chapachapa. Zimebaki futi ishirini na mbili.